Laptopu ya mtumba: fukuza wageni kwanza

Jamani, mkinunua laptopu ya mtumba hapa Kampala, msikimbilie kuiunganisha na intaneti. Yangu ilimaliza bando la siku kabla ya chai ya saa nne, kumbe ndani kulikuwa na programu tano nisizoziomba, zote zikijisasisha kimyakimya.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika appwiz.cpl, kisha Enter. Orodha ya programu itafunguka. Bofya kichwa cha safu ya tarehe. Zilizoingia siku moja zitakaa pamoja, na hapo utawaona waliodandia mgongo wa programu moja uliyoitaka kweli. Ondoa moja moja, ukisoma kila dirisha vizuri, kwani baadhi hupanga vitufe kwa hila ili uziache. Zenye jina la Intel, Realtek au Microsoft Visual C++ usiziguse kabisa! Sauti, skrini na programu nyingine huzitegemea.

Zima na uwashe, halafu kagua viendelezi vya kivinjari (vijiprogramu vya nyongeza ndani ya Chrome au Firefox), maana huko mabaki hujificha. Siku nyingine ukisakinisha kitu, chagua Custom (njia ya kujichagulia cha kuweka), uondoe tiki za programu za ziada.