Kabla ya Kupakia Modi za Skyrim: Mambo ya Kuweka Sawa Kwanza

Seivu ya Skyrim, yaani faili la mchezo uliouhifadhi, haisahau. Hubeba alama za kila modi, yaani nyongeza ya mashabiki, iliyokuwa imewashwa: skripti (programu ndogo) zinazoendelea kufanya kazi chinichini, vitu vilivyomo mkobani, wahusika walioongezwa mjini. Ukiitoa modi yenye skripti katikati ya safari, mabaki yake hubaki humo humo, na gemu inaweza kwenda vizuri kwa saa nyingi kabla haijaanza kujizima bila maelezo. Wakati huo hutakumbuka tena ulichokitoa. Ndiyo maana karibu kila uamuzi wa maana hufanywa kabla mhusika hajazaliwa: orodha ya modi inapangwa, inajaribiwa, inafungwa, ndipo safari inaanza. Maelezo haya yanahusu Skyrim Special Edition ya kompyuta ya Windows, ile ya biti 64 iliyotoka Oktoba 2016, siyo ile ya mwanzo ya Novemba 2011.

Anza na namba ya toleo. Fungua folda ya gemu, bofya kulia faili la SkyrimSE.exe, angalia sifa zake, kisha ukurasa wa maelezo. Utakuta namba kama 1.5.97 au 1.6.1170. Iandike mahali, kwa sababu utaihitaji kila unapopakua kitu. Toleo la 1.5.97 ndilo la mwisho kabla ya mabadiliko makubwa ya Novemba 2021, na bado lina wafuasi wake, 1.6.1170 lilitoka Januari 2024. SKSE, programu inayoipa gemu uwezo wa skripti ambao Bethesda, watengenezaji wa gemu, hawakuuweka, hufungwa kwenye toleo moja tu la gemu: 2.0.20 ni ya 1.5.97, 2.2.3 ni ya 1.6.640, na 2.2.6 ni ya 1.6.1170. Walionunua gemu kwenye duka la GOG wana toleo lao, 1.6.1179, na faili lao la SKSE ni la peke yake. Ukikosea hapa, SKSE itakataa kuwasha gemu na kukuonyesha ujumbe, jambo ambalo ni afadhali. Kinachosumbua zaidi ni modi zenye faili la DLL, yaani msimbo unaoingia moja kwa moja kwenye gemu, maana nyingi hutegemea Address Library, modi inayozionyesha mahali vitu vilipo ndani ya SkyrimSE.exe, nayo ina mafaili mawili: moja la familia ya 1.5, jingine la familia ya 1.6. Ukichukua lisilo lako, nusu ya modi zako zitalala na nyingine zitazima gemu kabla hata ya menyu.

Toleo likishajulikana, lilinde. Kwenye Steam, programu ya duka la gemu, weka gemu isasishwe pale tu unapoiwasha, halafu, ukiacha uwashaji mmoja wa kwanza utakaoelezwa hapa chini, usiiwashe tena kwa kitufe cha Steam. Iwashe kwa skse64_loader.exe kupitia meneja wa modi, programu inayosakinisha na kupanga modi. Sasisho moja lisiloombwa hubadilisha SkyrimSE.exe, na asubuhi SKSE, Address Library na DLL zote hazilingani tena na gemu.

Mahali gemu inapokaa pana uzito kuliko wengi wanavyodhani. Steam kwa kawaida huiweka ndani ya Program Files (x86), folda ambayo Windows huilinda. Zana za modi zinapojaribu kuandika humo huzuiwa, wakati mwingine kimyakimya, na wewe unaona tu kwamba modi haikuingia. Tengeneza maktaba nyingine ya Steam nje ya hapo, mfano D:\Michezo, uihamishie gemu huko. Kisha iwashe mara moja kupitia Steam, bila modi hata moja, mpaka menyu kuu. Hatua hiyo ndiyo inayotengeneza Skyrim.ini na SkyrimPrefs.ini ndani ya Documents\My Games, na kuziandalia zana nyingine njia ya kuipata gemu. Ikiwa folda yako ya Documents inasawazishwa na OneDrive, izuie isiguse My Games, la sivyo mafaili ya mipangilio na seivu yatafungwa au kurudishwa nyuma wakati unacheza.

Kwa meneja wa modi, pendekezo letu ni Mod Organizer 2. Haimwagi chochote ndani ya folda ya Data. Kila modi hukaa kwenye folda yake, na gemu ikiwashwa huonyeshwa kana kwamba vyote vimo pamoja. Ukizima modi, imezimwa kweli, hakuna faili lililosahaulika. Vortex nayo inafanya kazi nzuri, lakini kwa mtindo wake wa kawaida hutumia viungo vya mafaili, hivyo folda ya modi na gemu lazima ziwe kwenye kigawanyo kimoja cha diski. Usisakinishe Mod Organizer ndani ya folda ya gemu. Ipe yake, kama D:\MO2. Washa pia mpangilio wa kila wasifu (orodha moja ya modi uliyoipa jina) kuwa na seivu na mafaili ya INI yake, ili mhusika wa majaribio asichanganyike na yule wa kweli.

Sasa nafasi, na hapa watu huumia kwa sababu hawapigi hesabu. Gemu yenyewe inataka takribani GB 12. Modi chache za mandhari zinaweza kuzidisha hiyo mara kadhaa, na unahitaji nafasi mara mbili: faili lililobanwa ulilopakua, na lile lililofunguliwa. Usifute yale uliyopakua. Modi huondolewa na wenyewe, na bando uliyoitumia hairudi. Lakini diski ni jambo dogo. Kinachobana ni kumbukumbu ya kadi ya michoro. Teksicha, yaani picha inayofunika uso wa kitu, ikiwa ya 4K katika muundo wa kubana wa BC7 ni pikseli 4096 kwa 4096, baiti moja kwa kila pikseli: MB 16, na ukiongeza nakala zake ndogo za mbali inafika kama MB 21. Ile ya 2K ni robo yake, zaidi kidogo ya MB 5. Ya 1K ni MB 1 na robo hivi. Na kitu kimoja huwa na teksicha mbili au tatu: rangi, mikunjo ya uso wake, wakati mwingine mng'ao. Kwa kadi ya GB 4, chukua 2K kwa milima, kuta na barabara, vitu unavyovitazama kila dakika, na 1K kwa vikombe, vikapu na jibini. Hakuna anayekiinamia kikombe muda wa kutosha kuiona tofauti, ilhali mtaa wa mji wa Whiterun uliojaa 4K utaikwamisha gemu kila unapogeuza shingo.

Kabla ya kupakua modi yoyote, soma ukurasa wake wote. Unatafuta mambo manne. Kwanza mahitaji: modi nyingine zinazotakiwa kuwepo. Plagini, faili la modi linaloiambia gemu kilichobadilika, ikikosa faili inalolitegemea, gemu huzima kabla ya menyu kuu, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuangalia mtu anaposema gemu haifunguki. Pili, toleo: USSEP, kiraka kikubwa cha mashabiki kinachorekebisha makosa ya gemu, katika matoleo yake mapya hudai gemu mpya na maudhui manne ya bure yaliyokuja nayo, hivyo wa 1.5.97 hawezi kuchukua tu lililo juu ya orodha. Tatu, kama modi ilitengenezwa kwa Skyrim ya 2011. Miondoko (animesheni) ya toleo lile ni ya biti 32. Ukiipakia bila kuigeuza, wahusika husimama mikono imenyooka kama misalaba au gemu inazima. Nne, maelezo ya kuiondoa. Mwandishi akisema usiitoe katikati ya mchezo, mwamini.

Hesabu pia idadi. Gemu ina nafasi 254 za plagini kamili. Plagini nyepesi, zile za ESL, hujibana zote kwenye nafasi moja na zinaweza kufika 4096, kwa hiyo kila penye uchaguzi chukua nyepesi. Kuna mtego mmoja: tangu 1.6.1130 plagini nyepesi inaruhusiwa kuwa na rekodi nyingi zaidi, na zilizotengenezwa hivyo huangusha gemu ya zamani. Aliye kwenye 1.5.97 au 1.6.640 asakinishe kwanza BEES, modi inayolitatua hilo.

Mpangilio wa upakiaji ndipo subira inapolipa. Kanuni ni fupi: anayekuja mwisho anashinda. Tatizo ni kwamba mapambano ni mawili, wala si moja. Upande wa kushoto wa Mod Organizer unaamua mafaili: meshi (maumbo ya vitu), teksicha, sauti. Upande wa kulia unaamua plagini: rekodi za nani ana nini na yuko wapi. Modi inaweza kushinda kushoto na kushindwa kulia, na hapo matokeo huwa kichekesho kisicho na raha.

Mchukue Lydia, yule anayekufuata baada ya kupewa cheo cha Thane wa Whiterun. Sura yake imeandikwa mahali pawili. Rekodi yake, namba 000A2C8E, iko ndani ya plagini na inasema pua ipi, nywele zipi, rangi gani ya ngozi. Lakini gemu haimchongi upya kila mara. Inasoma kichwa kilichokwisha kuchongwa, 000A2C8E.nif, kutoka folda ya facegeom, na rangi ya uso, 000A2C8E.dds, kutoka folda ya facetint. Sasa tuseme una modi ya kupendeza nyuso na modi nyingine inayobadilisha silaha za wafuasi. Ya nyuso inashinda kushoto, kichwa ni chake. Ya silaha iko chini upande wa kulia, rekodi ni yake, na ndani ya rekodi hiyo bado imo sura ya zamani. Gemu inaona kichwa na rekodi havikubaliani, inashindwa kupaka rangi, na Lydia anatokea na uso wa kijivu kizito usiofanana na shingo yake. Kusakinisha upya hakusaidii. Fungua SSEEdit, zana ya kusoma na kuhariri plagini, mtafute kwa namba yake, na utaona safu za plagini zikiwa bega kwa bega, penye mgongano pamepakwa nyekundu. Aidha uishushe ya nyuso upande wa kulia iwe ya mwisho, aidha utengeneze kiraka kidogo kinachochukua sura kutoka kwa mmoja na silaha kutoka kwa mwingine. Ukiwa na modi tano zinazogusa watu wa mjini, fanya ukaguzi huu mapema, mtu kwa mtu.

LOOT, programu ya kupanga plagini, itakupangia upande wa kulia kwa haraka, na kwa orodha ndogo inatosha. Haijui unapendelea uso wa nani, hivyo itumie kama mwanzo.

Vya mwisho kabisa ni DynDOLOD na zana za miondoko kama Nemesis au Pandora. Hivi huzalisha mafaili kutokana na orodha ilivyo wakati huo: DynDOLOD huchora miti na majengo ya mbali kulingana na modi zako, ukitanguliza TexGen yake, zana inayoandaa teksicha za mbali. Ukiongeza mji baada ya hapo, utauona ukijitokeza ghafla ukiwa hatua chache, au mti wa mbali utaning'inia hewani. Kwa hiyo vizalishwe orodha ikishafungwa, na mazao yake yawekwe kama modi ya peke yake, mwisho upande wa kushoto.

Kujaribu hakuhitaji mhusika wa kweli. Kwenye menyu kuu fungua konsoli, dirisha la kuandikia amri, kwa kitufe kilicho chini ya Esc, andika GetSKSEVersion uhakikishe SKSE imeingia, kisha coc Riverwood, amri ya kukuhamishia mahali. Utatupwa kijijini na mhusika asiye na historia. Andika tgm asife, halafu player.setav speedmult 300 akimbie. Pita Riverwood mpaka Whiterun, ingia baa ya Bannered Mare, toka, elekea mji wa Riften kwa miguu. Mbio hizo hulazimisha gemu kupakia maeneo mapya mfululizo, na palipo na meshi mbovu patajulikana. Sakinisha Crash Logger, modi inayoandika ripoti gemu ikizima, kabla ya mbio hizi. Gemu ikizima, ripoti yake hutokea kwenye folda ya SKSE ndani ya Documents, na mara nyingi hutaja faili lenye hatia. Ongeza modi kwa mafungu madogo na urudie mbio kila fungu. Mhusika huyu wa coc atupwe baada ya majaribio, kwa sababu hakupita utangulizi na baadhi ya misheni kwake hazianzi ipasavyo.

Utangulizi wenyewe unahitaji uangalizi. Mkokoteni wa kuelekea Helgen, mji ambako gemu huanzia, unaendeshwa na fizikia iliyopimwa kwa fremu 60 kwa sekunde. Skrini ya Hz 144 bila kizuizi huufanya uruke na kupinduka, na jiwe au mti ulioongezwa na modi barabarani huukwamisha. Weka kikomo cha fremu 60 au tumia modi ya SSE Display Tweaks, au ruka Helgen kabisa kwa modi ya mwanzo mbadala, ambayo nayo lazima iwepo kabla ya kuunda mhusika.

Wanaocheza kwenye mashine za gemu za sebuleni wana mipaka yao: Xbox One inatoa GB 5 za modi, PlayStation 4 inatoa GB 1, tena bila mafaili ya nje kama meshi mpya. SKSE haipo huko, kwa hiyo chochote kinachoihitaji, SkyUI (modi ya menyu) ikiwemo, kisahau.

Kwa seivu, epuka kuandika juu ya ile ile kila mara. Umeme ukikatika wakati gemu inahifadhi, faili hubaki nusu, na kama ni la pekee umepoteza kila kitu. Zungusha seivu kadhaa, na kila baada ya siku chache nakili kwenye flashi. Kumbuka zinakwenda mbili mbili: faili la .ess na mwenzake wa .skse wenye jina lile lile. Ukinakili la kwanza peke yake, mhusika atafunguka, lakini data ambazo modi za SKSE zilihifadhi upande wa pili zitakuwa hazimo.