Namna ya kufundisha historia ya reli ya Jamaika katika darasa la Mbeya

Mwalimu wa historia au jiografia aliyeko Mbeya, Makambako au Tunduma ana nyenzo ambayo wenzake wengi hawana, kwa kuwa wanafunzi wake wanaifahamu TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kwa macho na kwa masikio. Kwa hiyo, anapofundisha reli za visiwa vya Karibi asianze na orodha ya miaka, bali aanze na swali litakalobeba somo zima: reli hii ilijengwa isafirishe mzigo gani, na mzigo huo ulipopungua kulitokea nini?

Nashauri achague Jamaika peke yake. Kuba iliitangulia, kwani treni yake ya kwanza ilianza safari mwaka 1837, hata kabla Hispania iliyoitawala haijawa na reli nyumbani kwake, lakini mtandao wake ni mpana mno kwa vipindi viwili.

Chora kisiwa ubaoni, kisha weka Kingston kusini mashariki, Montego Bay kaskazini magharibi na Port Antonio kaskazini mashariki. Njia kuu kutoka Kingston hadi Montego Bay ilikuwa na urefu wa takribani kilomita 181, umbali usiotofautiana sana na ule wa barabara ya Mbeya hadi Makambako. Waache wanafunzi waushangae ufupi huo, maana utahitajika baadaye. Eleza kwamba kipande cha kwanza, kilichopita Spanish Town, kilifunguliwa mwaka 1845, miaka saba tu baada ya watumwa kuwa huru kikamilifu, wakati ambapo wenye mashamba ya miwa walikuwa bado na nguvu kubwa kisiwani. Serikali ya kikoloni iliinunua reli mwaka 1879 na kuifikisha Porus mwaka 1885, kisha kampuni ya Kimarekani ikaifikisha Montego Bay mwaka 1894 na Port Antonio mwaka 1896.

Hapo Port Antonio ndipo pa kukaa kwa muda mrefu, kwa sababu bandari hiyo ilistawi kwa ndizi zilizouzwa Marekani. Uliza darasa: ndizi za Tukuyu zinazopita Uyole kila siku husafiri kwa chombo gani, na kwa nini hazipandi treni? Wanafunzi wenyewe watataja kwamba lori hufika hadi shambani, huondoka mzigo ukiwa tayari, na halilazimu kupakua na kupakia upya stesheni. Wakishasema hayo, watakuwa wameeleza pia jinsi malori yalivyoinyang'anya reli ya Jamaika mizigo katika karne ya 20.

Sasa linganisha na TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa urefu wa kilomita 1,860. Zambia haina bahari, na shaba yake ilihitaji njia ya kufika bandarini bila kupitia Rhodesia ya walowezi (sasa Zimbabwe). Kisiwani bahari haiko mbali popote, na mwendo mfupi humpa mwenye lori nafasi nzuri ya kushindana na treni.

Kama muda unaruhusu, watoe nje na chokaa na futi kamba. Wachore jozi mbili za mistari: moja yenye nafasi ya milimita 1,067, ambayo ni geji (nafasi kati ya vyuma viwili vya reli) ya TAZARA, na nyingine ya milimita 1,435, ambayo ni geji ya Jamaika na pia ya reli mpya ya SGR kutoka Dar es Salaam. Zoezi hili ni la dakika chache, nalo hukaa kichwani kuliko maelezo ya ubaoni.

Ajali ya treni ya Kendal, Jamaika, ya tarehe 1 Septemba 1957, iliyoua karibu watu 200 waliokuwa wakirejea kutoka matembezi ya kanisa, itajwe kwa staha na bila kuirefusha.

Mwishoni toa zoezi la insha kuhusu kusitishwa kwa treni za abiria mwaka 1992 na jaribio la kuzirejesha mwaka 2011 ambalo halikudumu. Atakayeandika kwamba reli yote ilikufa mwaka 1992 apunguziwe alama, kwa sababu treni za boksiti (madini ya kutengenezea aluminiamu) na alumina (unga unaotokana nayo) ziliendelea kwenda bandarini baada ya mwaka huo. Atakayeeleza kwa nini mzigo huo haukuhamia kwenye malori apewe alama za juu.