Tairi za theluji hazifai Kitonga

Ukinunua gari la mtumba kutoka Japani, au tairi za mtumba zenyewe, kagua ubavu wa tairi kabla hujashuka nazo mteremko mkali wa Kitonga, Iringa. Ukiona neno STUDLESS, au mchoro wa mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani, hizo kwa kawaida ni tairi za majira ya baridi. Mpira wake ni laini, umetengenezwa ushike barabara chini ya nyuzi 7 hivi. Baridi ya Julai ya Mbeya isikudanganye: asubuhi inauma kweli, lakini mchana lami hupata joto. Hapo mpira huo hulegea, gari huchelewa kusimama, na tairi huisha haraka.

Soma pia tarakimu 4 za mwisho za DOT, namba ya utengenezaji iliyo ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi kuukuu hukakamaa na kupasuka hata kama meno bado marefu. Kina cha mifereji kikifika milimita 1.6, toa tairi; wakati wa mvua na ukungu usingoje hapo, badilisha kwenye milimita 3.

 Mwisho, soma kipengele cha ubovu wa gari kwenye bima yako kubwa: tairi kipara inaweza kukunyima fidia.