Kuendesha Ukumbi wa Ushangiliaji wa Mashindano Nchini Marekani

Ushangiliaji wa mashindano (cheerleading) ni mchezo ambao timu hushindana kwa onyesho la sarakasi, kurushana hewani na kucheza kwa muziki. Kabla hujanunua hata godoro moja la ukumbi wake, pima kimo cha dari ya jengo unalotaka kukodi, kwa sababu mchezaji anayerushwa hewani na wenzake anahitaji nafasi ya kutosha juu ya kichwa chake, na boriti iliyo chini mno ni vigumu kuiinua baadaye. Sakafu kamili ya mashindano ina upana wa futi 54 na kina cha futi 42, yaani mikeka tisa iliyolazwa sambamba. Ukiipunguza, watoto watazoea safu zisizolingana na jukwaa watakalolikuta kwenye mashindano makubwa ya Dallas au Orlando.

Jiunge na USASF, chombo cha Marekani kinachosimamia mchezo huu, kilichoanzishwa mwaka 2003, na ufuate kwa uaminifu ngazi zake za ustadi. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: mzazi anasihi mwanawe apandishwe ngazi, mwenye ukumbi anaogopa kumpoteza mteja, na mtoto asiyemudu kupinduka kwa usalama anawekwa kati ya wanaomudu. Kataa kwa upole, lakini kataa. Kocha athibitishe kila ustadi kwa macho yake kabla ya kuuingiza katika onyesho, ambalo halizidi dakika 2 na sekunde 30.

Kuhusu fedha, waandikie wazazi gharama zote za msimu, zikiwemo sare, muziki, ada za mashindano na safari, kabla ya majaribio ya kuunda timu. Madarasa ya sarakasi kwa wasioshindana husaidia kulipa kodi ya jengo wakati timu zimepumzika.