Mtoto anaenda kufanya intavyuu ya kidato cha kwanza praiveti? Anza na daftari la maneno

Wazazi wenzangu wenye watoto darasa la sita na la saba, naandika hii kwa sababu kila mwaka ikifika mwezi wa nane simu yangu haipumziki, dada nisaidie mtoto ana intavyuu (ule mtihani wa kuandika na maswali ya ana kwa ana ya kuingia shule) wiki ijayo, na wiki moja haitoshi jamani. Mi nimeshapeleka watoto watatu kwenye hizi intavyuu, wangu wawili na mmoja wa marehemu kaka yangu, mmoja alikosa na wawili walipata, na aliyekosa ndo aliyenifundisha zaidi.

Huyo wa kwanza alisoma shule ya msingi ya serikali hapa Morogoro na hisabati ndo lilikuwa somo lake, mtihani wa majaribio (moko) wa wilaya A, wa mkoa A, nikawa na uhakika kabisa. Akatoka kwenye chumba cha mtihani analia. Namuuliza nini, ananiambia mama zile hesabu sikujua zinauliza nini. Tukiwa kituoni tunasubiri gari akaniandikia swali alilolikumbuka nyuma ya bahasha, lilikuwa linataka L.C.M. ya 12 na 15. Nikamwambia mwanangu hiyo ni KDS, kigawe kidogo cha shirika. Akaniangalia, akasema 60, hata sekunde tano hazikufika. Yani mtoto alikuwa anaijua, alikosa shule kwa sababu ya herufi tatu ambazo hajawahi kuambiwa maana yake.

Hapo ndo nilipoelewa. Watoto wengi wa shule zetu za Kiswahili hawakosi kwa sababu hawajui, wanakosa kwa sababu wanajua kwa Kiswahili na kwa kuchagua A, B, C, D, alafu wanakutana na karatasi la Kiingereza linalotaka waonyeshe njia. Ni vitu viwili tofauti na vyote vinafundishika nyumbani, hata kama wewe mzazi mwenyewe Kiingereza chako sio kizuri.

Kwa hiyo kitu cha kwanza nunua daftari, la kurasa 96 linatosha. Kila siku maneno matano, upande mmoja Kiingereza upande wa pili Kiswahili na mfano mdogo pembeni. Factor ni kigawo, multiple ni kigawe, prime number ni namba tasa, square root ni kipeuo cha pili, perimeter ni mzingo, area ni eneo, diameter ni kipenyo, remainder ni baki, average ni wastani, ratio ni uwiano. Usisahau maneno ya kuamrisha mana ndo yanayowaangusha, "simplify" rahisisha, "evaluate" tafuta thamani, "round off" kadiria, "arrange in ascending order" panga kuanzia ndogo kwenda kubwa. Maneno matano kwa siku sita za wiki ni 30, wiki kumi ni 300, na mtoto mwenye maneno 300 ya hesabu na sayansi kichwani sio yule tena. Ukianza mwezi wa tano au wa sita unafika mwezi wa nane umetulia.

Alafu kuna hili ambalo wengi hawalijui. Mtihani wa taifa wa darasa la saba unatungwa kwa shule zote, za Kiswahili na za ingilishi midiam, kwa hiyo hesabu ya mwaka huohuo ipo kwa lugha zote mbili. Tafuta hayo makaratasi mawili ya mwaka mmoja, steshenari nyingi wanauza na kwenye mtandao yapo, muwekee mtoto pembeni kwa pembeni. Afanye swali la 7 kwa Kiswahili, alafu asome swali la 7 kwa Kiingereza aone ndo lile lile alilofanya sasa hivi. Mtoto wa kaka yangu alikuwa anaogopa Kiingereza mpaka anatetemeka, lakini baada ya makaratasi kama manne hivi ya namna hiyo ile hofu ikamtoka, mana aligundua kwamba hesabu ni ileile imevaa nguo nyingine.

Sasa kuhusu kuonyesha njia. Watoto wetu wamezoea kusiliba, yani kutia weusi kwenye herufi ya jibu, maswali mengi sana ya darasa la saba ni ya kuchagua, unakokotoa kwenye karatasi la pembeni unatupa, na mwingine hakokotoi kabisa anabahatisha. Shule za praiveti nyingi hazitaki hivo, zinataka kuona mtoto amefikaje hapo, na ukiandika jibu tupu hata likiwa sahihi unaweza kukatwa maksi. Mzoeze aandike mstari kwa mstari. Ukimpa Asha ana miaka 3 zaidi ya Juma na jumla ya umri wao ni miaka 27, asikimbilie kuandika 12 na 15, aandike Juma awe x, Asha awe x + 3, ajumlishe 2x + 3 = 27, 2x = 24, x = 12, alafu ndo jibu. Inachosha mwanzoni, watalalamika, vumilia.

Na hesabu za faida na hasara mkalie sana. Mtu kanunua mzigo kwa sh. 40,000 kauza kwa sh. 50,000, faida ni asilimia ngapi? Watoto wengi wanagawanya kwa 50,000 wanapata 20, wakati inagawanywa kwa bei ya kununulia, jibu ni asilimia 25. MAGAZIJUTO pia, ule mpangilio wa mabano, kugawanya, kuzidisha, kujumlisha, kutoa, mtoto anaikariri kama wimbo lakini akikutana na swali lenye sehemu na desimali na mabano kwa pamoja anaanza popote.

Kiingereza chenyewe, mi siamini kwenye kukaririsha tensi tu. Kila siku asome aya moja kwa sauti, hata ya gazeti, alafu akwambie kwa Kiingereza chake kibovu imesema nini, na wewe usimcheke. Jioni aandike mistari kumi kuhusu siku yake. Shule nyingi zina swali la insha fupi, na mtoto ambaye hajawahi kuandika mistari kumi yake mwenyewe anakwama kwenye sentensi ya kwanza. Sayansi na maarifa ya jamii akisoma vizuri kwa ajili ya taifa zinatosha, ongeza tu maneno kwenye daftari.

Lakini jamani msiue mtihani wa taifa kwa ajili ya intavyuu. Mtihani wa darasa la saba unafanyika mwezi wa tisa na ndo unaompa mtoto nafasi ya shule ya serikali, kwa hiyo mwezi wa nane wote na wiki ya mtihani mwache apumue. Kuna shule zinafanya intavyuu kabla ya mtihani wa taifa na kuna zinazofanya baada, mi nikipewa nafasi ya kuchagua nachagua baada. Mtoto wa miaka 13 kufanyishwa intavyuu shule tano ndani ya mwezi mmoja ni kumuumiza. Mbili zinatosha, tatu kama unaweza, na iwepo moja ambayo una uhakika nayo.

Kabla hujanunua fomu fanya kazi yako ya mzazi. Zamani tulikuwa tunasubiri shule kumi bora, tangu matokeo ya 2022 NECTA, yani baraza la mitihani, wameacha kuzitangaza, lakini matokeo ya kila shule bado yapo kwenye tovuti yao na yanakwambia zaidi ya ile orodha ukijua kuyasoma. Usiangalie divisheni wani tu. Fungua matokeo ya kidato cha pili ya shule hiyo, hesabu watoto wangapi walifanya, alafu fungua ya kidato cha nne ya miaka miwili baadae, ni watoto walewale. Kama kidato cha pili walikuwa 120 na kidato cha nne wamebaki 70, uliza wale 50 walienda wapi. Inawezekana walihama kwa sababu zao, ila inawezekana pia shule inachuja watoto ili wabaki wa kupandisha wastani, na huyo wa kuchujwa anaweza kuwa wako. Waulize uso kwa uso wastani wa kuvuka darasa ni ngapi na asiyefika anafanywaje. Shule nzuri inajibu bila kuzunguka.

Uliza na ada inalipwa kwa awamu ngapi na michango yote nje ya ada, mana kuna ada ya kwenye kipeperushi na kuna pesa utakayotoa kweli ukishahesabu godoro, sare, bima na trakisuti. Malipo yoyote yaende kwenye akaunti ya shule na upate risiti. Mi niliwahi kumpa mtu pesa ya fomu mkononi kwa sababu aliniambia anafanya kazi pale shuleni, fomu sikuiona wala yeye sikumuona tena.

Makaratasi yaandae mapema, kopi ya cheti cha kuzaliwa, pasipoti saizi, ripoti za darasa la sita na la saba. Cheti cha kuzaliwa ambacho jina limekosewa kinasumbua sana, na marekebisho kule RITA wanakotoa vyeti vya kuzaliwa sio ya siku moja, kwa hiyo angalia leo kama jina la kwenye cheti na la shuleni ni lilelile herufi kwa herufi. Seminari za Kikatoliki wanataka na cheti cha ubatizo na barua ya paroko, za Kiislamu mtoto ajiandae kuulizwa dini na kusomeshwa Qur'ani.

Sasa ile ya kuongea ana kwa ana. Hapa wazazi tunaharibu kwa kuwakaririsha. Mtoto anaingia anamwaga "my name is" mpaka mwisho bila kupumua, mwalimu akimkatisha kwa swali dogo tu, unapenda kula nini, anaganda. Usimpe majibu, mzoeze kuongea na watu wazima. Mtume dukani akaulize bei na arudi akueleze. Mwombe jirani au mwalimu mstaafu wa mtaani amkalishe dakika kumi amuulize maswali, mtu ambaye mtoto hajamzoea, wewe usiwepo. Maswali yenyewe sio magumu, jieleze, kwa nini unataka shule hii, somo gani linakusumbua, kitabu gani umesoma, ukigombana na mwenzako bwenini utafanyaje, nyumbani unasaidia kazi gani. Hilo la mwisho kwa shule za bweni wanalimaanisha, wanataka kujua kama mtoto anajua kufua soksi zake na kutandika. Kama hajui mfundishe kweli, usimfundishe kusema anajua.

Akiingia asalimie, asubiri aambiwe kaa, aangalie anayemuuliza. Sisi tumelea watoto wainamishe macho mbele ya wakubwa kama heshima na ni vizuri, ila mweleze kwamba siku hiyo kuangalia mbele sio utovu wa adabu. Na asiposikia swali aombe lirudiwe, "please sir, may I hear the question again", hiyo sentensi moja tu aijue kama jina lake. Kusema sijui pia inaruhusiwa. Kwenye seminari watamuuliza kama anataka kuwa padri, na nimeona wazazi wanawafundisha watoto kudanganya, wale mapadri wamekaa na watoto miaka mingi wanajua. Kama hajui aseme bado anatafakari.

Na wewe mzazi ukiitwa ndani, swali la mtoto usimjibie. Nilishamuona baba mmoja anajibu kila kitu, mtoto kakaa pembeni kama mzigo.

Siku yenyewe, kama shule iko mbali nendeni siku moja kabla mlale kwa ndugu, mtoto aliyepanda basi saa kumi usiku hawezi kukokotoa saa tatu asubuhi. Peni mbili, penseli, rula, mkebe. Chai na kitu cha kawaida alichozoea, sio siku ya kumjaribishia chipsi mayai za stendi. Akitoka usimuulize umefanyaje mbele ya watu, mpe maji kwanza.

Baada ya mwezi wa tisa kuna pre-fomu wani, masomo ya kujiandaa na kidato cha kwanza, kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili, na kama hela ipo kwa mtoto wa shule ya Kiswahili inasaidia sana, shule nyingine zinachagua wanafunzi wao humohumo. Kama haipo, daftari lile liendelee nyumbani.

Wenye watoto walioingia darasa la tatu 2024 na mtaala mpya mnisikilize vizuri. Hao wanamalizia shule ya msingi darasa la sita, 2027, mwaka uleule ambao la saba la mtaala wa zamani linamaliza, yani Januari 2028 madarasa mawili yanaingia kidato cha kwanza kwa mpigo, wengi wetu tutagombea viti vilevile, kwa hiyo anzeni mapema kuliko sisi tulivyoanza.

Wangu aliyekosa alienda shule ya kata, na kidato cha kwanza kule nako masomo karibu yote ni Kiingereza, walimu wanafundisha wakichanganya lakini mtihani hauchanganyi. Lile daftari tulianza siku moja baada ya zile KDS za kituoni, likajaa, tukanunua la pili, akawa anaenda nalo shule kila siku na wenzake wanaliazima mpaka jalada likachanika, tukalifunga na selotepu.