Somo: Jinsi konsoli mpya zinavyoboresha picha na kasi ya gemu, na hatua za kuyapata maboresho hayo kikamilifu

Somo hili ni la mtu mwenye konsoli mpya ya gemu, au anayefikiria kuinunua, ambaye anataka kuelewa kinachobadilika ndani ya mashine kabla hajagusa mipangilio yoyote. Wengi huanza kwa kulinganisha idadi ya teraflopi, kipimo cha matrilioni ya hesabu ambazo chipu ya grafiki hufanya kwa sekunde, na hapo ndipo wanapopotea, kwa kuwa sehemu kubwa ya tofauti anayoihisi mchezaji hutokana na prosesa na diski, vifaa ambavyo matangazo huvipitia juujuu. Isitoshe, baadhi ya maboresho hayaji yenyewe. Mtu anaweza kukaa na mashine mpya mwaka mzima huku akicheza toleo la zamani la gemu, kupitia tundu lisilofaa la televisheni, bila kujua.

Hatua ya 1: Elewa muda wa fremu

Picha inayosogea kwenye skrini ni mfululizo wa fremu, yaani picha tuli zinazofuatana. Gemu inayokwenda kwa fremu 30 kwa sekunde huipa mashine milisekunde 33.3 za kuandaa kila fremu. Kwa fremu 60 muda hupungua hadi milisekunde 16.7, na kwa fremu 120 hubaki milisekunde 8.3 tu. Ndani ya muda huo kuna kazi mbili. Prosesa hukokotoa mwenendo wa ulimwengu wa gemu, yaani adui aelekee wapi, ukuta uliopigwa ubomoke vipi, gari liteleze kiasi gani kwenye kona, kisha huikabidhi chipu ya grafiki orodha ya vitu vya kuchora. Chipu ya grafiki nayo hupaka rangi kila pikseli. Kati ya hizo mbili, ile inayochelewa ndiyo inayoamua kasi ya gemu nzima.

Skrini ya 1080p ina pikseli 2,073,600, na ya 4K ina pikseli 8,294,400, ambazo ni mara nne kamili. Ukiongeza pikseli, mzigo huiangukia chipu ya grafiki, na prosesa karibu haihisi chochote. Ukiongeza fremu, mzigo huziangukia zote mbili. Msomaji akiishika kanuni hii, karibu kila swali kuhusu konsoli litamjibika lenyewe.

Hatua ya 2: Tambua kilichobadilika ndani ya mashine

PlayStation 4 ya mwaka 2013 ilikuwa na prosesa ya viini vinane, yaani sehemu zinazokokotoa kwa pamoja, vya aina ya Jaguar vilivyokwenda kwa gigahezi 1.6, yaani mipigo bilioni 1.6 kwa sekunde, ambavyo vilikuwa vya daraja la chini hata kwa wakati ule. Ilipokuja PlayStation 4 Pro mwaka 2016, chipu ya grafiki ilipanda kutoka teraflopi 1.84 hadi 4.2, lakini prosesa ilibaki ya aina ileile na kusogea hadi gigahezi 2.1 tu. Matokeo yake yalikuwa yaleyale ambayo kanuni ya hatua ya kwanza ingetabiri: gemu nyingi zilipata pikseli zaidi na picha safi zaidi, ila zilibaki kwenye fremu 30. Kwa maoni yangu, hakuna mfano unaoonyesha vizuri zaidi kwa nini teraflopi peke yake haitoshi.

PlayStation 5 na Xbox Series X, zilizotoka Novemba 2020, zilibadilisha prosesa yenyewe. Zote zina viini vinane vya aina ya Zen 2 kutoka kampuni ya AMD, hadi gigahezi 3.5 kwa PlayStation 5 na hadi 3.8 kwa Series X, na kila kiini hufanya kazi nyingi zaidi kwa kila mpigo kuliko kiini cha Jaguar. Hiyo ndiyo sababu fremu 60 zimekuwa jambo la kawaida katika kizazi hiki. Chipu za grafiki nazo zilikua, hadi teraflopi 10.28 kwa PlayStation 5 na 12 kwa Series X, zikapewa pia sakiti maalumu za kufuata miale ya mwanga, mbinu inayokokotoa jinsi mwanga unavyogonga vitu na kurudi, ili kivuli kilainike pale kinapostahili na dimbwi la maji liakisi hata kitu kilicho nje ya skrini. Mbinu hiyo hula nguvu nyingi mno, na mtu asishangae kuona gemu ikiizima ili kuokoa kasi.

Jambo linalostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni kumbukumbu na diski. Kutoka PlayStation 3 hadi PlayStation 4, kumbukumbu ilipanda kutoka megabaiti 512 hadi gigabaiti 8, mara kumi na sita. Kutoka PlayStation 4 hadi PlayStation 5 ilipanda kutoka gigabaiti 8 hadi 16, mara mbili tu. Wahandisi waliziba pengo hilo kwa diski. Diski ya kuzunguka ya PlayStation 4 ilisoma takriban megabaiti 50 hadi 100 kwa sekunde, na kichwa chake kililazimika kuruka huku na huko kutafuta data. SSD ya PlayStation 5, yaani diski ya chipu isiyo na sehemu inayozunguka, husoma gigabaiti 5.5 kwa sekunde kabla hata ya kuhesabu faida ya data iliyobanwa. Ile ya Series X husoma gigabaiti 2.4.

Faida yake haiishii kwenye muda mfupi wa kusubiri gemu ifunguke. Zamani kumbukumbu ilibidi ihifadhi kila kitu ambacho mchezaji angeweza kukihitaji ndani ya nusu dakika ijayo, kwa kuwa diski isingekileta kwa wakati. Sasa inaweza kuhifadhi kile kinachohitajika mara moja tu, na nafasi iliyobaki ikatumika kwa picha zenye maelezo mengi zaidi ya kuta, ngozi na majani. Mark Cerny, mbunifu mkuu wa PlayStation 5, alipoieleza mashine hiyo Machi 2020, alitaja kwamba gemu ya Marvel's Spider-Man ya PlayStation 4 ilikuwa na baadhi ya data zilizonakiliwa mara 400 kwenye diski, ili kichwa cha kusomea kisisafiri mbali kuzitafuta. Kwenye SSD hakuna kichwa kinachosafiri, kwa hiyo nakala hizo hazina kazi tena.

Hatua ya 3: Hakikisha unacheza toleo sahihi la gemu

Gemu iliyotengenezwa kwa kizazi kilichopita inaweza kuendeshwa na konsoli mpya kwa namna tatu. Inaweza kubaki kama ilivyo, na kunufaika tu pale ambapo kasi yake ilikuwa ikiyumba; inaweza kupewa sasisho linaloiruhusu kutumia nguvu zaidi; au inaweza kutengenezewa toleo kamili la mashine mpya. Kwenye Xbox, mfumo huchagua toleo wenyewe kwa gemu zinazouzwa pamoja na haki ya kupata toleo la zamani na jipya. Kwenye PlayStation 5, matoleo yote mawili, la PlayStation 4 na la PlayStation 5, yanaweza kukaa kwenye diski kwa wakati mmoja, na hapa watu wengi hukosea: funguo ya chaguo la ziada iliyo kando ya kitufe cha kucheza huonyesha orodha ya matoleo. Ikague kabla ya kulaumu mashine.

Hatua ya 4: Weka gemu kwenye diski inayostahili

Gemu za PlayStation 5 haziendeshwi kutoka diski ya nje ya USB. Unaweza kuzihifadhi huko, lakini ili kuzicheza lazima uzirudishe ndani. Gemu za PlayStation 4 huendeshwa kutoka nje bila shida. Anayetaka nafasi zaidi aongeze SSD ya aina ya M.2 kwenye nafasi iliyoachwa ndani ya mashine, yenye kipoza joto, na kasi inayopendekezwa ni megabaiti 5,500 kwa sekunde au zaidi. Kwenye Xbox Series X na ndugu yake mdogo, Series S, hutumika kadi maalumu inayochomekwa nyuma.

Hatua ya 5: Kagua kebo, tundu na televisheni

Picha ya 4K kwa fremu 120 huhitaji HDMI 2.1, ambayo hubeba hadi gigabiti 48 kwa sekunde, ilhali HDMI 2.0 huishia 18. Tumia kebo iliyokuja na konsoli. Televisheni nyingi huwa na tundu moja au mawili tu yenye uwezo kamili, na baadhi hutaka uruhusu kwanza ishara ya kasi ya juu kwa tundu husika katika menyu ya televisheni yenyewe. Baada ya hapo, washa hali ya gemu ya televisheni, kwa sababu urembeshaji wa picha unaofaa kwa filamu huongeza ucheleweshaji kati ya kubonyeza pedi na kuona tendo.

Ikiwa televisheni ina uwezo wa kubadilisha kasi yake kufuata fremu, uwashe. Skrini ya kawaida hujionyesha upya kwa vipindi visivyobadilika, na fremu iliyochelewa kidogo husubiri zamu inayofuata, jambo linaloonekana kama kukwamakwama. Skrini yenye uwezo huo huisubiri fremu. PlayStation 5 iliupata kwa sasisho la Aprili 2022, nao hufanya kazi kati ya 48Hz na 120Hz, yaani skrini ikijionyesha upya mara 48 hadi 120 kwa sekunde, kwa hiyo hauisaidii moja kwa moja gemu iliyofungwa kwenye fremu 30.

Hatua ya 6: Chagua hali ya picha ndani ya gemu

Gemu nyingi za sasa hukuuliza kama unapendelea ubora wa picha au kasi. Hali ya ubora kwa kawaida huenda kwa fremu 30 na pikseli nyingi, mara nyingi pamoja na miale ya mwanga. Hali ya kasi hupunguza pikseli ili kufikia fremu 60. Ushauri wangu ni kasi, karibu kila mara, kwa sababu pengo la pikseli hufifia ukikaa umbali wa kawaida kutoka kwenye skrini, lakini wepesi wa pedi hauufichi umbali wowote. Gemu ya polepole yenye mandhari ya kutazamwa ndiyo pekee ninayoicheza kwa hali ya ubora.

Kuna hali ya tatu ambayo haisifiwi vya kutosha: fremu 40, inayopatikana kwa mfano katika Ratchet & Clank: Rift Apart, kwa wenye skrini ya 120Hz, kwa kuwa 120 hugawanyika sawasawa kwa 40. Fremu 40 huchukua milisekunde 25 kila moja, na 25 ni katikati kabisa ya 33.3 na 16.7. Kwa hesabu ya muda, basi, umeshafika nusu ya safari ya kuelekea fremu 60, huku picha ikikaribia kubaki ileile.

Kuhusu joto, iache mashine ipumue pande zote na usiifungie kabatini. Hilo linatosha.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, televisheni yangu ni ya 1080p na ya 60Hz. Je, konsoli mpya itanifaa kitu?

Jibu: Itakufaa, ndugu. Diski ya haraka haitegemei televisheni, na fremu 60 zinaingia sawasawa kwenye skrini ya 60Hz. Zaidi ya hayo, gemu iliyochorwa kwa pikseli nyingi kisha ikapunguzwa kuwa 1080p huonekana na kingo laini zaidi. Utakachokikosa ni fremu 120, fremu 40 na ukali wa 4K.

Swali: Mkuu, nimeiweka Bloodborne, gemu ya PlayStation 4, kwenye PlayStation 5 na bado ni fremu 30. Mashine ina hitilafu?

Jibu: Haina. Gemu hiyo iliandikwa ikiwa na kikomo cha fremu 30, na haijapewa sasisho la kukiondoa. Nguvu ya ziada haiwezi kuvunja kikomo kilichowekwa na msimbo wa gemu yenyewe. Mwaka 2021 Microsoft ilianzisha mbinu ya kuongeza kasi ya baadhi ya gemu za zamani kupitia mfumo wa Xbox, bila mtengenezaji kuiandika upya gemu, lakini ni kwa gemu zilizochaguliwa tu.

Swali: Xbox One X ina teraflopi 6 na Series S ina 4. Inakuwaje ile yenye nambari ndogo iitwe mpya na bora?

Jibu: Rudi kwenye hatua ya kwanza. One X ilikuwa na prosesa ya familia ya Jaguar na diski ya kuzunguka. Series S ina Zen 2 na SSD, na teraflopi za chipu mpya hufanya kazi nyingi kuliko teraflopi zilezile za chipu ya zamani. Ndiyo maana Series S huweza kuendesha kwa fremu 60 gemu ambazo One X isingeziweza. Hata hivyo hujakosea kabisa: Series S ina gigabaiti 10 za kumbukumbu, na kwa gemu za Xbox One huendesha toleo la Xbox One S, konsoli dhaifu zaidi ya kizazi kilekile cha One X, badala ya lile lililoboreshwa kwa ajili ya One X, kwa hiyo gemu ya zamani inaweza kuonekana na pikseli chache zaidi kuliko ulivyozoea.

Swali: Nasikia PlayStation 5 Pro hutumia akili bandia kuchora. Maana yake picha si ya kweli?

Jibu: Gemu huchorwa kwa pikseli chache, kisha mfumo uliofunzwa kwa mifano mingi ya picha hujaza pikseli zinazokosekana, ukitumia pia habari za fremu zilizotangulia. Kwenye PlayStation 5 Pro ya Novemba 2024 mfumo huo huitwa PSSR. Nintendo Switch 2 ya Juni 2025 hutumia DLSS ya NVIDIA kwa lengo hilohilo. Ukitazama kwa makini utaona kasoro kwenye majani, nywele na nyavu zinazosogea haraka, ila kwa jumla ninauona ubadilishanaji huu kuwa wa haki. Kumbuka tu kwamba prosesa ya Pro ni ileile ya PlayStation 5 yenye nyongeza ndogo ya kasi, kwa hiyo gemu inayokwamishwa na prosesa haitapona kwa kuhamia huko.

Swali: Nikiwasha 120Hz kwenye mipangilio ya konsoli, gemu zote zitakwenda kwa fremu 120?

Jibu: Hapana. Mpangilio huo unafungua njia tu. Gemu ndiyo inayoamua kuipita au kutoipita. Baadhi ya gemu zina chaguo lao la fremu 120 ndani ya menyu, kwa hiyo baada ya kuwasha kwenye konsoli, ifungue gemu na ulitafute huko pia.