Kumchagulia Mtu Riwaya Atakayoimaliza

Hapa Mwanjelwa, jijini Mbeya, nina meza ndogo ya vitabu, na sipendekezi nisichokisoma. Anza na swali moja: "Ni kisa gani cha mwisho kilichokunyima usingizi?" Hata kama ni cha jirani, kitakuonyesha pa kuanzia.

Kijana mpe mhusika wa rika lake. Majuzi nimemaliza Peponi ya Abdulrazak Gurnah, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka 2022. Yusuf yumo katika mwaka wake wa 12 anapochukuliwa na tajiri kwa deni la baba yake. Nilimsomea binti wa kidato cha tano ukurasa wa kwanza, taratibu. Alikuwa amejikunyata ndani ya sweta kwa baridi la Juni, mikono kwapani. Mara akatoa mmoja, akashika kitabu. Ukiona hivyo, nyamaza. Usimsimulie mwisho!

Mama yake nilimpa Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, ya 1999: Yasmin kaozwa mume mzee asiyempenda. Mtu mzima mwambie wazi kwamba humo mna mapenzi na siasa, aamue mwenyewe. Akikirudisha nusu, kipokee bila kununa, umpe chembamba zaidi.